Maswali ya Wasomaji: Kinga ya Kisheria ya Viwanda vya Bunduki Marekani

SWALI: Ndugu yetu aliuawa kwa risasi. Tunaambiwa aliyetengeneza au kuuza bunduki hashtakiki. Ni kweli? — Msomaji, Columbus, Ohio

JIBU: Poleni sana kwa msiba. Si kweli moja kwa moja, ila njia ni nyembamba. Sheria ya PLCAA, iliyotiwa saini na Rais George W. Bush tarehe 26 Oktoba 2005, inazuia kesi za madai dhidi ya kiwanda, msambazaji au duka pale madhara yanapotokana na mtu mwingine kuitumia silaha kihalifu. Jaji huweza kuitupa kesi mapema, kabla mdai hajafikia hatua ya kudai barua pepe na kumbukumbu za mauzo. Hapo ndipo dhuluma ilipo: ushahidi uko kwenye makabati ya mdaiwa, na wewe huruhusiwi kuyafungua.

Sheria yenyewe imeacha mianya sita. Kasoro ya kiwandani ni mmojawapo, lakini mtu akifyatua kwa makusudi katika uhalifu, mwanya huo hufungwa. Unaofaa zaidi ni ule wa muuzaji au kiwanda kuvunja kwa kujua sheria ya mauzo au matangazo, na uvunjaji huo ukasababisha madhara. Mjini Milwaukee, mwaka 2015, baraza la wazee wa mahakama liliiamuru Badger Guns iwalipe polisi wawili karibu dola milioni 6. Duka hilo lilimuuzia bastola mtu aliyekuwa akimnunulia kijana wa miaka 18, wakati umri wa kununua bastola dukani ni 21. Fomu namba 4473, ambayo mnunuzi huijaza dukani, humuuliza waziwazi kama silaha ni yake mwenyewe.

Familia za waliouawa kwa risasi katika shule ya Sandy Hook, jimbo la Connecticut, zilipitia sheria ya jimbo hilo ya biashara ya haki, zikilenga matangazo ya kiwanda cha bunduki cha Remington. Mahakama ya juu ya jimbo iliwaruhusu kuendelea mwaka 2019, na Februari 2022 wakakubaliana dola milioni 73, zilizolipwa na kampuni za bima.

Kwa hiyo, anzeni na namba iliyochongwa kwenye bunduki, polisi wanayo. Wakili awaandikie wauzaji haraka wasiharibu fomu wala picha za kamera. Msitegemee taarifa za ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, za kufuatilia bunduki ilikopitia, kwa kuwa Kongresi imezuia zisitumike katika kesi za madai. Ohio inawapa miaka 2 tangu kifo. Na kabla ya kufungua kesi, ulizeni nani atalipa gharama mkishindwa. Wazazi wa msichana aliyeuawa Aurora, Colorado, mwaka 2012 waliposhindwa kesi yao waliamriwa kulipa zaidi ya dola 200,000, jambo ambalo tunaliona ni ukatili.

SWALI: Sheria kama hiyo ilipitaje? — Msomaji, Nairobi

JIBU: Kwa kuchagua wakati. Miji zaidi ya 30, ikitanguliwa na New Orleans na Chicago mwaka 1998, ilikuwa imevishtaki viwanda. Mwaka 2004 mswada wa kinga ulifika Seneti, wapinzani wakaubandika marekebisho ya kurefusha marufuku ya bunduki za kivita. NRA, chama cha kutetea wenye bunduki, kikawataka marafiki zake wauangushe, na ukaanguka kwa kura 90 dhidi ya 8. Baada ya uchaguzi wa mwaka huo Republican walikuwa na viti 55 katika Seneti. Julai 2005, vita vya Iraq vikiendelea, kiongozi wa walio wengi, Bill Frist, aliuweka kando mswada wa kuidhinisha matumizi ya jeshi ili huu wa bunduki upite kwanza. Mdhamini wa mswada huo wa bunduki, Seneta Larry Craig, alikuwa mjumbe wa bodi ya NRA. Ukapita kwa 65 dhidi ya 31. Nguvu ya washawishi, yaani wanaolipwa kuwashawishi wabunge, huonekana zaidi katika foleni ya miswada kuliko katika kura yenyewe.

SWALI: Nitajuaje nani analipia ushawishi huo? — Msomaji, Minneapolis

JIBU: Fungua hifadhi ya taarifa za ushawishi za Kongresi, lda.gov. Tafuta fomu LD-2 yenye msimbo FIR, unaohusu silaha na risasi. Hutolewa kila robo mwaka, mwisho tarehe 20 Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Usiishie kwa NRA. Tazama pia NSSF, chama cha wenye viwanda. Soma namba za miswada, si jumla ya fedha tu. Matangazo ya uchaguzi kwa kawaida hayamo humo. Hayo yatafute FEC, tume inayosimamia fedha za uchaguzi.