Jibu: Jiji kuhamia makao makuu ya kampuni

Ndugu yangu, umeuliza kama lipo jiji lililowahi kuhamia jengo la kampuni badala ya kujenga ofisi mpya. Lipo: Tulsa, Marekani, mji uliotajirika kwa mafuta kama Tanga yetu ilivyovuma kwa mkonge. Jengo lina ghorofa 15, vioo juu mpaka chini. Lilijengwa kwa ajili ya Williams Communications, kampuni ya mawasiliano, likakamilika 2001. Mwaka uliofuata kampuni ikakimbilia mahakamani kujikinga na wadai. Jumba la fahari, mwenyewe hoi!

Mwaka 2007 jiji likalinunua kwa dola milioni 52 hivi, nia ikiwa kukusanya pamoja idara zilizotapakaa mjini na kupangisha nafasi ya ziada. Anayetaka kuiga, kodi ya wapangaji ndiyo ya kuipigia hesabu kwanza, hasa kwetu. Ofisi za zamani za jiji la Tulsa siku hizi ni hoteli.