Unachopanda kando ya kidimbwi kitaingia majini tu

Watu wakichimba pondi nyuma ya nyumba maswali yote ni ya samaki, watoto wa samaki wapatikane wapi, wale nini, wauzwe bei gani. Pale kando patapandwa nini hakuna anayeuliza. Hata mimi sikuuliza, na iliniuma.

Kwetu ni Vihiga, magharibi mwa Kenya, si mbali na Chavakali, na kama unajua Vihiga unajua mashamba yamegawanywa mpaka mtu anabaki na kipande tu. Kidimbwi changu ni mita 6 kwa 4, kina chake nusu mita upande wa juu na mita 1 upande wa chini, si kama zile pondi za mita mraba 300 ambazo serikali ilichimbia watu kuanzia 2009. Nikaweka ngege, yaani tilapia, juu ya tuta nikapanda sukuma. Halafu fuko wakaanza. Fuko akiingia kwa tuta la kidimbwi ni shida kubwa manake anatoboa na maji yanatorokea huko chini, unaamka unakuta yameshuka na hujui yameenda wapi. Mzee jirani, mtu mzuri sana, akanipa mbegu za utupa, akaniambia panda mstari mmoja pale kwa tuta, fuko hawapendi. Na kweli nikaona wamepungua. Ikaja mvua ya Aprili na upepo wake, matawi yakainamia maji, nikachukua panga nikayakata hapo hapo, majani mengi yakaanguka ndani na nikayaacha manake nilijua yataoza yawe mbolea.

Kesho yake asubuhi samaki wamelala juu ya maji, matumbo meupe yameangalia mbinguni, wachache bado wanazunguka ubavu ubavu kama walevi, midomo wazi. Kijana wangu alikuwa amekuja na bakuli la chakula chao, akasimama nalo tu.

Kumbe utupa ndio ule watu wa zamani walikuwa wanatwanga wanatia mtoni kuvua samaki. Ina sumu inaitwa rotenoni, samaki anakuwa ndani ya maji yenye hewa lakini mwili wake hauwezi kuitumia. Tuliwazika wote, nikamwaga maji, nikang'oa utupa na mizizi, kidimbwi kikakaa kikavu wiki tatu.

Sa hii napanda hivi. Kwa tuta lenyewe ni nyasi fupi za kutambaa tu, zinashika udongo mvua isiulete ndani, na nazikata zisilale kwa maji manake viluwiluwi vya mbu vinajificha hapo ngege asivifikie, na malaria huku kwetu unaijua. Miti mikubwa hapana kabisa, mizizi inafungua tuta, na blugamu, yaani mkaratusi, usiipande hata kwa mpaka wa karibu, inakunywa maji vibaya. Migomba iko mita 3 kutoka ukingoni, hiyo ndiyo inakula matope ninayochota chini nikishavua samaki, na wallahi sijawahi kuona mkungu mzito kama ule wa mwaka wa kwanza. Pale paipu inatoa maji yanayofurika nimeweka nduma, pako teketeke mwaka mzima.

Sukuma niliihamisha mbali, nyuma ya jikoni. Sababu ni moja, sukuma inashikwa na wadudu na utataka kupuliza dawa, na dawa nyingi za agroveti upepo ukizipeleka kwa maji umemaliza samaki, hata ile ya pareto ambayo watu wanaiona ni ya kienyeji na haina neno, kwa samaki ni kifo. Kwa hivyo karibu na kidimbwi naweka mboga ambazo mimi sipulizi, saga, mrenda, managu, mitoo, na nazimwagilia na maji yale ya kijani ya kidimbwi, kwa mizizi si kwa majani. Mbolea ya kununua sijaweka hapo tangu nianze.

Majani ya mboga yaliyozeeka ngege wanakula, lakini tupa kidogo, na yale yamebaki jioni utoe. Yakioza yanamaliza hewa. Ukitaka kujua kama umezidisha amka saa kumi na mbili uende uangalie, ukikuta samaki wamejipanga juu wanafungua na kufunga midomo ujue usiku walikosa hewa, acha kuwalisha siku hiyo na uongeze maji safi haraka.

Na weka fensi kabla hujapanda chochote, hata ya miti na waya, hasa kama kuna watoto wadogo wanaopita hapo.

Fuko bado wapo, siwezi kudanganya. Siku hizi namwita kijana wa kutega, analipwa kwa kila fuko anayeshika, na kila Jumamosi nazunguka tuta na fimbo nikidunga dunga, penye kuingia kwa urahisi nafukua na kushindilia udongo wa mfinyanzi kabla mvua ya Machi haijafika.