Mwanza hadi Musoma kwa tanga: futeni hiyo safari ya usiku

Mkuu mleta mada, umeandika kwamba wewe na rafiki zako mtatweka tanga Mwanza, Ziwa Victoria, saa 4 usiku ili mlikwepe jua na kupita Rugezi, mlango mwembamba kati ya Ukerewe na bara, alfajiri, kisha ukauliza habari za chakula, kibali na gharama. Futa kwanza hiyo saa 4.

Sisi tulipangiwa saa hiyo hiyo na mwenye chombo tulichokodi, ambaye alitwambia, huku akihesabu noti zetu, kwamba usiku ziwa hulala. Aliyelala ni yeye, kitandani kwake.

Ubaya ni kwamba mwanzoni maneno yake huonekana kweli. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, upepo huvuma kuelekea ziwani, na chombo hutoka ghuba ya Mwanza bila kasia. Asichokisema ni kwamba upepo wa namna hiyo hutoka kando zote za ziwa lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800, ukakutana juu ya maji yenye joto, ukapanda na kuwa mawingu ya radi. Ndiyo maana dhoruba za huku hupenda kupiga kati ya usiku wa manane na asubuhi.

Tulipoingia ghuba ya Speke, taa za wavuvi wa dagaa zilianza kurudi ufukweni moja moja, nasi tukawacheka kuwa ni wavivu. Upepo ulipogeuka, tanga lilikuwa limelowa na kuwa zito kiasi kwamba watu wanne tulishindwa kulitua. Demani, kamba ya kuongozea tanga, ilinichuna viganja; foromali, boriti inayobeba tanga, ikashuka pamoja na mlingoti, tukabaki kukumba maji kwa sufuria yenye ukoko wa ugali. Mimi huogelea vizuri, mradi maji yasizidi kiuno. Mlingoti tuliulipa sisi, kwani mwenye chombo alishikilia kwamba dhoruba ni ya Mungu na mkataba ni wetu.

Kwa hiyo ondokeni kukipambazuka, mkiwa mmesoma taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa na kuiona anga yote kwa macho yenu, na kabla jua halijazama chombo kiwe kimefungwa mwaloni, yaani ufukweni vyombo vinapotia nanga, hata kama safari itawalazimu kulala kisiwani Ukerewe. Mchana upepo utawapiga usoni na jua litawachoma; vumilieni. Maboya yavaliwe, yasikaliwe. Mwenye chombo akibisha, mwambieni apande nanyi, na boya asipewe.