Trekta Kuukuu la Bustani: Liwashe Kwanza, Rangi Ije Baadaye

Kazi nyingi za kufufua trekta kuukuu la bustani hufa siku ya kwanza, pale mtu anapofungua kila kitu kwa pamoja. Jioni gereji imejaa makopo ya bolti, injini iko mezani, boneti imeegemezwa ukutani, na hakuna ajuaye kama klachi ilikuwa inashika au kama giaboksi ilikuwa inaingiza gia zote. Matrekta ya namna hiyo huishia kuuzwa vipande vipande ndani ya maboksi. Kama lako bado limesimama kwa magurudumu yake, liache hivyo kwanza. Liwashe, liendeshe mita chache, lisikilize, andika kila kasoro kwenye daftari. Spana za kulichambua zije baada ya hapo.

Tunayoyazungumzia ni yale matrekta madogo ya chuma kizito ya miaka ya 1960 hadi 1980: Cub Cadet iliyoingia sokoni 1961, John Deere 110 ya 1963, Wheel Horse na wenzao. Mengi yake yamebeba injini ya Kohler ya familia ya K, silinda moja ya chuma cha kalibu, valvu zikiwa ubavuni mwa silinda. Vipimo vilivyomo humu ni vya K241 na K301, nguvu za farasi 10 na 12. Kama injini yako ni nyingine, mpangilio wa kazi haubadiliki, ila vipimo vichukue kwenye kitabu chake.

Kabla hujagusa kitu, piga picha kile kibandiko cha namba kwenye kava la feni. Hapo pana modeli, namba ya toleo na namba ya injini. Vipuri huagizwa kwa namba ya toleo, kwa sababu K301 mbili zinaweza kutofautiana shafti na beseni la oili. Thina ikigusa kibandiko hicho mara moja tu, maandishi yameondoka.

Je, injini inazunguka?

Chomoa plagi, kisha zungusha flaiwili, lile gurudumu zito lililo mwisho wa injini, kwa mkono. Ikizunguka, tia kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi na uizungushe taratibu mara kadhaa ili kuta za silinda zilowe. Ikigoma, usiilazimishe kwa stata wala usiigonge flaiwili kwa nyundo. Mapezi yake ya kupoozea ni mepesi kuvunjika, na pigo moja baya linaweza kuharibu krenkishafti (krenki), mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Changanya asetoni na oili ya giaboksi za otomatiki, nusu kwa nusu, mimina juu ya pistoni, iache siku tatu hadi wiki, ukiongeza inapopungua. Kila siku jaribu kuitikisa mbele na nyuma kwa spana ndefu kwenye nati ya flaiwili. Dalili ya kwanza ya ushindi ni kusogea kwa milimita moja tu, ukiisikia mkononi kabla jicho halijaiona. Ukifika hapo usiendelee upande mmoja. Rudisha, peleka, rudisha, hadi mwendo upanuke.

Isipokubali kabisa, fungua silinda hedi. Kwa kuwa valvu ziko ubavuni, hedi ni kipande cha aluminiamu tu kilichoshikwa na bolti. Mara nyingi utakuta maji yaliingia kupitia bomba la moshi wakati valvu ya moshi iko wazi, yakaacha pete ya kutu ukutani. Iondoe kwa msasa laini wenye oili, kisha gonga pistoni kwa upole ukitumia gogo la mbao ngumu linalojaa silinda, siyo chuma.

Oili inasema mengi

Imwage yote kabla ya kuwasha. Ikiwa imezidi kipimo na inanuka petroli, sindano inayozuia petroli kwenye kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) haifungi, nayo petroli imekuwa ikishuka hadi kwenye injini. Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Injini hizi hazina pampu ya oili. Kijiko kilicho chini ya konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, ndicho kinachorusha oili huku na huku. Isitoshe, konrodi yenyewe ni ya aluminiamu na inazunguka moja kwa moja juu ya krenki bila vikombe vya beringi katikati. Oili ikiwa nyepesi kama maji, au ikiwa pungufu, konrodi inashika, inakatika, na kipande chake kinatoboa bloku. Hapo injini imenoki kweli. Weka SAE 30, takriban lita 1.9, ukipima trekta likiwa mahali tambarare.

Cheche

Pointi za kuwashia ziko nje ya bloku chini ya kifuniko kidogo, zikisukumwa na kijiti kutoka kwenye kamshafti, mhimili unaofungua valvu. Trekta likilala miaka, hujengeka juu yake utando mwembamba usioonekana, na umeme haupiti hata kama zinagusana vizuri. Zipitishe tupa laini mara mbili tatu, kisha vuta kati yake karatasi safi iliyolowa kisafishio cha umeme hadi itoke bila weusi. Weka nafasi ya milimita 0.50 pale zinapofunguka zaidi. Futa fila geji (bamba jembamba la kupimia nafasi) kabla ya kuiingiza, maana tone la oili lake linarudisha ugonjwa uleule. Nafasi ya plagi ni milimita 0.9.

Kuangalia cheche, gusisha ganda la plagi kwenye bloku mbali na tundu lake, kwa sababu mvuke wa petroli unaotoka tunduni unaweza kuwaka. Cheche nene ya buluu inatosha. Ikiwa ya njano na nyembamba, shuku kondensa, halafu koili, lakini kabla ya kununua chochote pima ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha trekta. Weka mita ya umeme ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye bloku, mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya volti 0.3, umeme unapotea kwenye kutu au rangi mahali fulani kati ya betri na injini. Stata nyingi huhukumiwa kuwa mbovu bure, kumbe tatizo ni bolti moja ya ethi.

Petroli

Mwaga ya zamani, weka mpira mpya wa milimita 6 na filta. Tangi lenye kutu litie nati za kona kali na maji ya sabuni, litikise kwa muda mrefu, suuza, kausha kabisa.

Kabureta ishughulikie kwa subira. Tundu la mzunguko wa silensa (injini ikinguruma taratibu bila kazi) ni dogo kiasi kwamba ganda la petroli iliyokauka, lisiloonekana kwa macho, linaliziba. Usilipitishe waya wa chuma, kwani ukilipanua hata kidogo mchanganyiko hautarekebishika tena. Tumia kisafishio cha kabureta, hewa yenye shinikizo, na uzi wa nailoni wa kuvulia. Dawa ikiingia tundu moja lazima uione ikitokea lingine. Skrubu za sindano zifunge kwa vidole mpaka ziguse tu, kisha zifungue: ya mafuta makuu mizunguko 2, ya silensa mzunguko mmoja na nusu. Huo ni mwanzo wa kurekebishia. Ukikuta ncha ya sindano ina mfereji, kuna aliyeikaza kwa nguvu kabla yako, ibadilishe.

Halafu shika shafti ya throto, kile kilango cha kabureta kinachoongeza na kupunguza mwendo, uitikise. Ikicheza, hewa inaingia pembeni, na injini itapanda na kushuka mlio bila kutulia hata ukirekebisha kutwa nzima. Dawa yake ni kuweka bushi, kipete kipya cha kuishikia shafti.

Kupima mbano

Geji ya mbano, yaani ya shinikizo ndani ya silinda, itakudanganya. Kamshafti ya injini hizi ina kifaa kinachoachia mbano kidogo wakati wa kuwasha ili stata isielemewe, kwa hiyo namba hutoka ndogo hata injini ikiwa nzima. Badala yake zungusha flaiwili kinyume na mwendo wake wa kawaida, kwa ghafla. Kwa upande huo kifaa hakifanyi kazi, na injini yenye afya inakurudisha mkono kwa nguvu. Jaribio bora zaidi ni kuingiza hewa tunduni pa plagi pistoni ikiwa juu na valvu zote zimefungwa, huku umezuia krenki isizunguke. Ikivuma kwenye bomba la moshi, valvu ya moshi inavujisha. Kwenye kabureta, ni valvu ya kuingiza. Kwenye tundu la kujazia oili, ni ringi au silinda.

Sasa lisukume nje ya gereji. Usiwashe ndani hata kwa dakika moja mlango ukiwa wazi nusu: monoksidi ya kaboni haina harufu na inaua. Likiwaka, liache lipate moto. Moshi wa buluu usiokoma ni oili inayoungua, mweusi ni petroli nyingi. Usiguse springi ya gavana, kifaa kinachodhibiti kasi ya injini, ili lipige kelele zaidi. Kikomo ni mizunguko 3,600 kwa dakika, na zaidi ya hapo konrodi ndiyo inayolipa.

Kufungua

Endapo lilikuwa linavuta vizuri na moshi ni safi, injini usiifungue. Watu wengi wameharibu injini nzima kwa kutaka tu kuona ndani.

Bolti za matrekta haya ni za inchi. Spana ya milimita inayoonekana kukaa huchonga pembe za nati, na bolti ya milimita ikilazimishwa inaua uzi wa bloku. Kila kundi liingie mfuko wake wenye jina. Bolti iliyoganda ipake dawa ya kulegeza usiku kucha, kisha ikaze kidogo kabla ya kuifungua. Ule mkazo mdogo ndio huvunja kutu. Trekta liegemeze juu ya stendi za jeki au magogo, kamwe siyo tofali za zege, kwani hupasuka bila kuonya.

Ukilazimika kufungua injini, pima silinda juu, kati na chini, kwa pande mbili zinazokatana. Kipenyo cha kiwandani ni inchi 3.250 kwa K241 na 3.375 kwa K301. Ikiwa imekuwa yai, au juu imepanuka kuliko chini, kubadilisha ringi peke yake ni kupoteza pesa. Ipeleke ikachongwe, na pistoni za oversaizi (zilizozidi kipimo cha kiwandani) za inchi 0.010, 0.020 na 0.030 zipo. Nunua pistoni kwanza, fundi achonge kwa kuipima yenyewe. Wakati wa kurudisha, alama za konrodi na za kifuniko chake zielekeane. Nafasi ya valvu, injini ikiwa baridi: ya kuingiza milimita 0.20 hadi 0.25, ya moshi 0.43 hadi 0.48. Bolti za hedi zikaze kwa awamu, kwa mpangilio ulio kitabuni, hadi takriban Nm 34 hadi 41.

Kutu na rangi

Vipande vya chuma vilivyoliwa na kutu vioshe kwa umeme. Ndoo ya plastiki, maji, magadi ya kufulia kijiko kimoja cha mezani kwa kila lita 4, na chaja ya volti 12. Hasi kwenye kipande chako, chanya kwenye chuma cha kawaida unachokitoa kafara. Ukibadilisha nyaya, kipande chako ndicho kitakacholiwa. Upande wa chanya usiweke chuma kisichoshika kutu, kwa sababu hutoa kromu yenye sumu, na ndani ya ndoo usiingize aluminiamu wala bati lenye zinki. Fanya nje, maana haidrojeni inayopanda hulipuka.

Rangi ya zamani huenda ina risasi, kwa hiyo isugue ikiwa imeloa. Vumbi la breki na klachi usilipulize kwa hewa. Linaweza kuwa na asbesto. Mvuke wa rangi yenye kigumishi cha isosayaneti, kemikali inayodhuru mapafu, hauzuiwi na barakoa ya kawaida, unahitaji kupumua hewa safi inayoletwa kwa bomba. Kwa gereji ya nyumbani, praima ya kuzuia kutu na tabaka mbili au tatu nyembamba za enameli ya kawaida zinatosha kabisa, mradi grisi yote iliondoka kabla ya praima.

Kabla ya kufunga, kwangua rangi mpya kila mahali panapokaa waya wa ethi hadi chuma king'ae. Trekta lililopakwa rangi vizuri mno mara nyingi hugoma kuwaka kwa sababu hii.

Injini iliyofunguliwa, mwaga oili yake baada ya saa 5 za kazi, ikiwa bado moto, uipokee kwenye chombo cheupe na uielekeze juani. Vumbi laini la kijivu ni la kawaida kwa ringi mpya. Vimeta vya fedha vinavyoelea ni aluminiamu ya konrodi. Zima, fungua beseni la oili, upime krenki kabla ya kuliwasha tena.