Re: Tamthilia gani kwa kidato cha tatu?

Mwalimu mwenzangu wa Kongwa, umeuliza uwape nini wanafunzi 40 waigize siku ya mahafali, na jukwaa lenyewe ni baraza la bwalo. Mimi ningechukua Ngoswe ya Edwin Semzaba. Ngoswe, karani wa sensa, anafika kijijini, badala ya kuhesabu watu anamtongoza Mazoea, binti wa Mzee Mitomingi, na mwisho mzee huyo anazichoma karatasi za sensa. Kijana wa miaka 16 haelezwi hapo, anacheka mwenyewe. Sehemu ya mapenzi usiifute. Weka meza yenye karatasi kati yao, hakuna kugusana. Inachekesha zaidi, na mkuu wa shule atatulia.

Ila karatasi zifunge kwa kamba! Upepo wetu wa Julai ulitupeperushia zote, aliyecheza Ngoswe akazikimbiza uwanjani akilia, "Kazi yangu jamani!" Wazazi walidhani tumepanga.

Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969), tamthilia ya Vita vya Maji Maji, ni nzito, lakini ina umati, kwa hiyo wote 40 wanapata nafasi. Ukiichagua, waulize wasichana nani anajua kupiga muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo. Kwa Wagogo hutakosa.