Usirudishe jalada masjala siku ya kuridhia

Siku hati ya kuridhia mkataba wa kimataifa inapopelekwa, yaani karatasi inayosema nchi imekubali kufungwa nao, ofisi nzima hushusha pumzi. Bunge limemaliza kazi yake, waziri ametia saini, na jalada linarudi masjala. Mwaka wangu wa kwanza katika kazi ya mikataba nami nilirudisha jalada hivyo hivyo. Baadaye wakili mmoja alikuja kuomba nakala rasmi ya mkataba ule ili autumie mahakamani. Tulitafuta, hatukuipata. Haukuwa umechapishwa popote. Serikali ilikuwa imejifunga kwa niaba ya watu wake, na watu wenyewe hawakuwa na pa kuusoma. Ndiyo maana nawaandikia ninyi mnaoanza.

Serikali ina wajibu wa aina mbili hapa, nao huchanganywa mno. Wa kwanza ni kuchapisha nyumbani, na uzito wake hutegemea katiba ya nchi. Ufaransa, kifungu cha 55 cha Katiba ya 1958 kinaupa mkataba ulioridhiwa nguvu kuliko sheria za kawaida, lakini kuanzia unapochapishwa. Uholanzi, kifungu cha 93 kinasema vivyo hivyo kuhusu masharti yanayomgusa kila mtu: yanamfunga baada ya kuchapishwa. Katika nchi ambazo mkataba hauna nguvu ya sheria mpaka Bunge litunge sheria ya kuutekeleza, maofisa wengi hudhani sheria hiyo inatosha. Haitoshi. Sheria inaweza kuchukua vifungu vichache tu, na msomaji anahitaji mkataba mzima ili ajue ni nini kimeachwa.

Wajibu wa pili ni kusajili kwenye Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa, ambayo nayo huuchapisha. Someni kifungu cha 102 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945 mpaka mkijue kwa moyo. Kina chimbuko chungu: mikataba ya siri iliyozifunga dola za Ulaya kabla na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Januari 1918 Rais Woodrow Wilson wa Marekani alidai mapatano yafanywe wazi, na Ushirika wa Mataifa, uliotangulia Umoja wa Mataifa, ukaweka kanuni kwamba mkataba usiosajiliwa haufungi. Mwaka 1945 adhabu hiyo ilipunguzwa. Leo mkataba usiosajiliwa bado ni halali, ila mhusika hawezi kuutegemea mbele ya chombo chochote cha Umoja wa Mataifa. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema mwaka 1994, katika kesi ya Qatar na Bahrain, kwamba kuchelewa au kutosajili hakuondoi uhalali.

Kesi hiyohiyo ina funzo jingine ambalo nalithamini zaidi. Hati iliyobishaniwa ilikuwa kumbukumbu za mkutano uliofanyika Doha mwaka 1990, na Mahakama ikaamua kuwa ni mkataba wa kimataifa. Kwa hiyo jina la hati lisikupe usingizi. Hati ya maelewano kati ya Kenya na Somalia iliyosainiwa Aprili 2009 ilisajiliwa Juni mwaka huohuo kwa ombi la Kenya. Mwaka 2017 Mahakama iliikubali kuwa mkataba unaofunga, na miongoni mwa hoja zake ni kwamba Somalia haikupinga usajili ule kwa karibu miaka mitano. Karatasi iliyopita mikononi mwa ofisa wa usajili ilipimwa na majaji.

Sasa kazi yenyewe. Tangazo la mstari mmoja katika gazeti la serikali, kwamba mkataba fulani umeridhiwa, mimi silihesabu kuwa uchapishaji. Weka maandishi kamili, viambatisho na ramani, kila lugha iliyo rasmi kwa mkataba huo, na matamko ya nchi yako ya kutofungwa na vifungu fulani. Bila matamko hayo, msomaji ataamini nchi imekubali kitu ilichokikataa.

Tarehe ndizo huharibu kazi nyingi. Tofautisha siku ya kusainiwa, siku ya kuridhia, na siku mkataba unapoanza kutumika kwa nchi yako. Mkataba wa Vienna kuhusu Sheria ya Mikataba ulipitishwa Mei 1969 lakini ulianza kutumika Januari 1980. Ukiandika tarehe moja badala ya nyingine, umekosea kwa zaidi ya miaka kumi. Na usajili hufanywa mkataba ukishaanza kutumika, si kabla, kwa hiyo weka tarehe hiyo kwenye kalenda siku ileile hati inapoondoka.

Marekebisho na kujitoa navyo huchapishwa, mahali palepale ulipochapishwa mkataba, ili anayeutafuta asiishie kwenye maandishi yaliyokwisha nguvu. Wakili yule nilimpa nakala ya picha kutoka jaladani, yenye mwandiko wa mtu pembeni, na upande wa pili ukaikataa.