Udokozi Madukani: Je, Ni Mwanangu Peke Yake?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mwanangu wa miaka 14 alikamatwa katika duka la kujihudumia hapa Ngamiani akiwa ameficha manukato kwenye begi la shule, ilhali siku hiyo alikuwa na fedha mfukoni. Mwenye duka alinipigia simu badala ya kuita polisi. Baba yake anasema ukoo wao haujapata kuwa na mwizi. Je, vijana wengine wanafanya haya?
Mama wa Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wanafanya, tena wengi kuliko wazazi wanavyodhani, kwa kuwa wanaokamatwa ni wachache na hao nao husitiriwa na wazazi wao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu wanafunzi wapatao 4,000 wa sekondari katika jimbo la Connecticut, Marekani, ulionyesha kwamba takriban 15 kati ya kila 100 walikiri kuwa wamewahi kuiba. Connecticut si Tanga, lakini tabia ya umri huo haitofautiani sana.

Kwamba alikuwa na fedha hakunishangazi. Utafiti mwingine wa huko huko Marekani, wa mwaka 2008, uliohoji watu wazima zaidi ya 43,000, ulikuta wizi wa dukani umeenea zaidi miongoni mwa wenye elimu na kipato kikubwa. Kijana huchukua ili awaonyeshe wenzake kuwa ni jasiri, na duka la kujihudumia humwacha peke yake na bidhaa, tofauti na duka la mtaani ambako muuzaji hukupa kitu kupitia nondo za dirisha.

Kisheria, chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 husikilizwa na Mahakama ya Watoto na hahukumiwi kifungo. Ninachokihofia mimi ni ukelele wa "mwizi!", kwa sababu umati hauulizi umri, na hilo mwambieni waziwazi.

Baba yake, aliyetaja ukoo, ndiye ampeleke dukani akaombe radhi kwa kinywa chake mwenyewe. Ikiwa chupa ilifunguliwa, ailipie kutoka katika pesa zake za matumizi. Majirani hawahusiki. Muulizeni pia, bila fimbo, alikuwa na nani siku ile. Akirudia, muoneni afisa ustawi wa jamii. Huduma yake si ya waliofikishwa polisi pekee.